Kumchora Nunda Mla Watu: Maneno ya Hadithi, Picha ya Kale, au Wanyama Walio Hai?

Mchoraji anayepewa kazi ya kumchora simba huwa na vielelezo tele, na tabu yake ni kuchagua. Anayepewa kazi ya kulichora dubwana la hadithi ana tabu ya kinyume, kwa kuwa kiumbe chenyewe hakuna aliyepata kukiona, na kinachopatikana ni vipande tu: sentensi mbili tatu za msimulizi, mchoro wa mtu mwingine ambaye naye alitegemea sentensi zizo hizo, na wanyama wa kweli ambao wasikilizaji wa kwanza wa hadithi waliwafahamu. Vipande hivyo havina uzito sawa, na kile kinachotangulia mezani ndicho huamua umbo la kiumbe kabla mchoraji hajatambua kwamba uamuzi umekwisha kufanyika. Inafaa basi vilinganishwe mapema. Nitamtumia kiumbe mmoja tu, Nunda mla watu, kwa sababu wengi waliokulia kwenye hadithi za pwani wanamjua kwa jina, na kwa sababu alama zake ni chache kiasi cha kuhesabika kwa vidole vya mkono mmoja.

Akiba tuliyo nayo

Hadithi ya Sultani Majnuni, ambamo Nunda anatokea, ilichapishwa London mwaka 1870 na Edward Steere, mmisionari wa Kiingereza aliyekusanya hadithi za Unguja kama zilivyosimuliwa na wenyeji. Nunda anaanza akiwa paka wa sultani. Anakula kuku, na sultani anapuuza malalamiko kwa hoja kwamba paka ni wake na kuku ni wake. Anapanda kutoka kuku hadi mifugo mikubwa, kutoka mifugo hadi watu, na mwishowe anakuwa janga la nchi nzima. Mtoto wa mwisho wa sultani anatoka kwenda kumtafuta. Kila anapoua mnyama anamleta kwa mama yake, na kila mara mama anamjibu kwa wimbo kwamba huyo siye. Miongoni mwa wanaokataliwa wamo mbwa, fungo, punda milia, twiga, kifaru na tembo. Hatimaye kijana, akiwa amepanda mlima, anamwona mnyama amelala, anazipima alama alizoambiwa moja baada ya nyingine, na anaridhika: masikio ni madogo, mwili ni mpana wala si mrefu, yako mabaka mawili mfano wa yale ya jamii ya fungo na ngawa, na mkia ni mnene.

Alama ni hizo nne. Rangi haikutajwa, wala meno, wala kucha, wala macho, wala kimo. Nusu karne baadaye William Hichens, ofisa wa serikali ya kikoloni ya Uingereza aliyefanya kazi Lindi katika miaka ya 1920, aliandika habari za mnyama aitwaye mngwa, ambaye mara nyingi huhesabiwa kuwa ndiye nunda. Alimweleza kuwa na ukubwa wa punda na manyoya yenye michirizi kama ya paka, na akasimulia kwamba viganjani mwa watu waliouawa zilikutwa nywele za kijivu. Rangi na kimo, basi, tumevipata kwa Hichens, na akiba nzima inaenea kwenye nusu karatasi.

Kuyatanguliza maneno

Njia ya kwanza ni kumwekea Nunda umbo kutokana na maneno pekee, bila kutazama picha yoyote mpaka umbo limekwisha kusimama. Faida yake kubwa ni uaminifu. Aliyeisikia hadithi atamtambua kiumbe, na hilo si jambo dogo, maana katika hadithi hii utambuzi ndio mhimili wenyewe: kijana anafanya kazi ngumu ya kuua, lakini neno la mwisho ni la mama anayezijua alama.

Maneno yana faida nyingine ambayo wachoraji wengi huipita bila kuiona. Wanyama waliokataliwa ni vielelezo pia, ila ni vielelezo vya kukanusha. Twiga amekataliwa, kwa hiyo shingo ndefu imeondoka. Kifaru amekataliwa, kwa hiyo pembe ya puani imeondoka. Tembo amekataliwa, na ukubwa peke yake hautoshi kumfanya mnyama kuwa Nunda. Hapa unapatikana mtihani mzuri usiohitaji gharama. Chora vimichoro kumi na viwili hivi, kila kimoja kisizidi ukubwa wa kiberiti, ukivijaza wino mweusi mtupu bila macho wala manyoya, kisha uviweke mbali na uvitazame kama mtu asiyejua kilichokusudiwa. Kila kinachoweza kudhaniwa kuwa mnyama mmojawapo kati ya wale ambao mama aliwakataa kitupwe. Kwa kawaida hubakia viwili au vitatu, na hivyo ndivyo vya kuendelea navyo.

Udhaifu wa maneno unatokana na mahali kijana aliposimama. Alimwona mnyama kutoka mbali, tena kutoka juu, naye mnyama amelala. Masikio, upana wa mwili, mabaka na mkia ni vitu hasa anavyoweza kuviona mtu wa namna hiyo; meno yamefichwa na mdomo uliofumba, macho yamefichwa na kope, na kucha zimekunjwa. Hadithi kwa hiyo inampa mchoraji Nunda aliyelala, tena imempa kikamilifu, lakini mara tu kazi inapomtaka Nunda aamke, asimame na kupanua kinywa, maneno yanakauka. Asiyekuwa na njia nyingine hujaza pengo kwa kile kilicho karibu zaidi kichwani mwake, na kwa wachoraji wa leo kilicho karibu ni yule simba mwenye misuli wa katuni na michezo ya kompyuta, mwenye masikio yaliyochongoka na miiba mgongoni. Masikio yaliyochongoka, kwa kweli, ndiyo kosa linalojirudia kuliko yote, na linapingana waziwazi na alama ya kwanza kabisa iliyotajwa.

Mabaka mawili nayo yanahitaji kufikiriwa kwa penseli. Yakiwekwa moja kila ubavu, mchoro wa upande utaonyesha moja tu, na msomaji mdogo mwenye kuhesabu atauliza la pili liko wapi. Yakiwekwa mabegani, kulia na kushoto ya uti wa mgongo, yataonekana yote kwa anayetazama kutoka juu, yaani kutoka mahali pa kijana. Huu ni uamuzi ambao maneno yanaufungulia mlango bila kuufanya, na ni afadhali ufanyike siku ya kwanza kuliko katika ukurasa wa kumi.

Kuitanguliza picha moja ya kale

Njia ya pili ni kutafuta mchoro wa aliyetangulia na kuufanya msingi. Mwaka 1901 hadithi ya Nunda ilitokea kwa Kiingereza katika vitabu viwili vyenye michoro, kimoja kilichochapishwa London na kingine Chicago, na anayetafuta michoro ya kale ya hadithi hii ataanzia huko. Kabla hajaanza, hata hivyo, ni vema ajue picha moja inavyoweza kumpeleka mtu mbali na ukweli huku akidhani anaufuata.

Mfano ulio wazi kuliko yote hauhusu dubwana bali mnyama wa kweli. Mwezi Mei mwaka 1515 kifaru kutoka Gujarat, India, alishushwa Lisbon, akiwa zawadi iliyomfikia mfalme Manuel wa Kwanza wa Ureno. Ulaya haikuwa imemwona kifaru aliye hai tangu zama za Warumi. Albrecht Dürer, mchoraji wa Kijerumani aliyekuwa Nuremberg, hakumwona kamwe; alipata barua yenye maelezo pamoja na mchoro mdogo wa mtu asiyejulikana, na kutokana na hivyo akachonga picha yake ya ubao, yaani ya kuchapwa kwa wino kwenye karatasi, mwaka uleule. Maelezo aliyoyachapisha juu ya picha yalisema kwamba mnyama ana rangi ya kobe mwenye madoadoa, kwamba amefunikwa magamba manene, na kwamba ana ukubwa wa tembo ila miguu yake ni mifupi zaidi. Mkono wa Dürer ukayatii maneno hayo mno. Mikunjo ya ngozi ikawa mabamba ya deraya yenye kingo kama za kazi ya mhunzi, miguu ikapata magamba, na juu ya mabega ikachomoza pembe ndogo iliyopindwa ambayo hakuna kifaru aliyewahi kuwa nayo.

Wakati huohuo mchoraji mwingine wa Kijerumani, Hans Burgkmair, aliyekuwa Augsburg, alichonga kifaru yuleyule, naye kwa habari za kupokea tu. Wa kwake hana pembe ya begani, ngozi yake inaonekana ngozi, na miguu yake ya mbele imefungwa pingu, kama inavyotarajiwa kwa mnyama aliyesafirishwa kwa meli. Kwa kipimo cha ukweli Burgkmair alishinda. Hata hivyo imebaki nakala moja tu ya picha yake, iliyoko Vienna, ilhali ya Dürer ilichapwa tena na tena, mwanazuoni wa Uswisi Conrad Gessner akaitumia katika kitabu chake cha wanyama mwaka 1551, na ikaendelea kunakiliwa hadi karne ya 18, pembe ya begani ikiwa palepale.

Mchoraji wa madubwana ajifunze nini hapo? Wapo watakaosema kwamba Dürer ndiye wa kuigwa, kwa kuwa picha yake ndiyo iliyokaa akilini mwa watu kwa karne tatu, na katika fani yetu kukaa akilini ndiko kunakotafutwa. Sikatai. Ila tukitazama kwa makini tutaona kwamba nguvu ya picha ile haitoki kwenye pembe ya begani, bali kwenye uzito: tumbo linalolemea, kichwa kilichoinamishwa, nyayo zilizokanyaga chini kwa uhakika. Walionakili walibeba pembe na mabamba kwa sababu hivyo ni rahisi kubeba, na wengi wakauacha uzito nyuma. Hiyo ndiyo hasara ya kutegemea picha moja, kwamba alama za juu juu husafiri vizuri, lakini mpangilio wa mifupa iliyo chini yake hausafiri, hasa ikiwa aliyechora kwanza naye hakuwa nao.

Hasara ya pili ni kwamba picha moja ina upande mmoja. Ukimpata Nunda aliyechorwa akitazama kushoto, unaye Nunda anayetazama kushoto, basi. Ukitaka kumgeuza aje mbele itakulazimu kubuni kifua, upana wa taya na nafasi kati ya miguu ya mbele, na hapo utakuwa umerudi kwenye pengo lilelile ulilodhani picha imeliziba.

Lipo pia jambo la kinyume, ambalo mtu wa pwani atalifurahia. Mwaka 1414 twiga alipelekwa kwa mfalme Yongle wa China kutoka Bengal, na mwaka uliofuata Malindi nayo ikapeleka wake. Watu wa ikulu walimpokea kama qilin, kiumbe wa heri aliyejulikana kwa maandiko tu, na mchoro wa yule wa 1414 unamwonyesha mwenye mabaka yaliyopangwa sawasawa kama wavu. Mnyama alikuwepo, ameshikwa kamba mbele ya macho yao, lakini matarajio ya maandiko yalikuwa na sauti. Kwa hiyo hata kielelezo kilicho hai hakimwokoi mchoraji ambaye tayari anajua anachotaka kukiona.

Nikilinganisha njia hii na ya kwanza, naiona inafaa mahali pawili. Mahali pa kwanza ni pale kazi inapodai mfanano na mapokeo fulani, mathalani toleo jipya la kitabu ambacho wasomaji wake wanamjua Nunda wa mchoraji wa zamani. Pa pili ni mwishoni, baada ya umbo lako kukamilika, ili uone wengine walijazaje pengo na ujiridhishe kwamba hukurudia kazi yao pasipo kujua. Mwanzoni inafunga njia zaidi ya inavyozifungua. Tena kazi za wachoraji walio hai zina haki za wenyewe, na kugeuza rangi na kuongeza jino hakumfanyi kiumbe wa mtu kuwa wako.

Kuwatanguliza wanyama walio hai

Njia ya tatu ndiyo yenye jasho, na ndiyo ninayoipa kipaumbele. Mchoraji anachagua wanyama wawili au watatu wa kweli, anawasoma jinsi wanavyosimama na kutembea, kisha anamjenga kiumbe kutokana na mifupa yao. Kwa Nunda hakuna haja ya kwenda mbugani. Wa kwanza ni paka, ambaye hadithi yenyewe imemtaja kuwa ndiye asili yake, na paka wako kila kichochoro cha Mji Mkongwe na Lamu, nao hulala saa nyingi mahali pamoja bila kudai malipo.

Mtazame paka anaponyemelea. Kichwa chake kinabaki katika usawa mmoja, na mabega yanapanda na kushuka kwa zamu, kila moja likipita juu ya mstari wa uti wa mgongo. Hali hiyo inawezekana kwa sababu mfupa wa mtulinga wa paka ni mdogo sana na haujaunganishwa na bega kama wa binadamu. Bega limeshikiliwa na misuli na linateleza ubavuni. Ukichora Nunda ambaye bega lake moja limechomoza juu ya mgongo na la pili limezama, msomaji atamwona ananyemelea hata kabla ya kuona miguu. Hilo hakuna sentensi ya hadithi itakayokupa.

Mguu wa nyuma nao una mtego wake. Kiungo kinachoonekana kama goti lililopinda kwenda nyuma ni kisigino, na goti lenyewe liko juu, karibu na tumbo, likielekea mbele. Paka hutembea kwa vidole. Asiyeelewa hilo humpa dubwana lake miguu ya mtu iliyovaa manyoya, na kila mtazamaji huhisi kuna kasoro hata kama hawezi kuitaja. Aliye na mashaka aende buchani akautazame mguu wa nyuma wa mbuzi unaoning'inia: ataona paja nene, goti, muundi, kisha kifundo cha kisigino kilicho juu kabisa ya kwato. Mbuzi hutembea juu ya kwato na paka juu ya vidole, ila mpangilio wa mifupa ni uleule.

Kisha linakuja suala la ukubwa, na hapa njia ya tatu inaziacha mbili za kwanza kwa mbali. Paka wa kawaida ana kimo cha begani cha sentimita 25 hivi na uzito wa kilo 4. Tukimkuza afikie kimo cha mita 1, ambacho ni cha punda kama Hichens alivyosema, tumeongeza urefu wake mara 4. Lakini uzito unaongezeka mara 4 kwa urefu, mara 4 kwa upana na mara 4 kwa kina, yaani mara 64, na kilo 4 zinakuwa kilo 256. Unene wa mfupa, ukipimwa kwenye uso uliokatwa, umeongezeka mara 16 tu. Kila kipande cha mfupa sasa kinabeba mzigo mara 4 ya ule wa awali. Mwanasayansi wa Italia Galileo Galilei aliieleza kanuni hii katika kitabu alichokichapisha mwaka 1638, na akaambatanisha mchoro wa mfupa mdogo ukiwa kando ya mkubwa ulionenepa kupita kiasi. Kwa mchoraji maana yake ni kwamba paka aliyekuzwa tu ataonekana paka aliyesogezwa karibu na jicho, hataonekana mkubwa. Ili aonekane mkubwa sharti miguu inenepe kuliko inavyorefuka, viungo vinyooke zaidi kama vya wanyama wazito, na kiwiliwili kijae.

Ukimaliza kufanya hivyo, utakuta umemchora mnyama aliye mpana, si mrefu. Hali kadhalika, ukilinganisha paka na simba utaona kwamba masikio na macho hayakukua kwa kasi ya mwili: masikio ya paka ni makubwa kwa kichwa chake na macho yamejaa usoni, ilhali ya simba ni madogo kwa uwiano. Mkuze paka kwa haki na masikio yake yatakuwa madogo. Alama mbili kati ya nne za hadithi zinapatikana kwa kufuata mwili wa mnyama peke yake, na ndiyo sababu ya mimi kusema kwamba maneno na wanyama si wapinzani katika kazi hii.

Alama mbili zilizobaki ni za fungo. Huyu ana uzito wa kati ya kilo 7 na 20, hutoka usiku, na mwili wake una mambo matatu ya kufaa. Uso wake una weusi uliofunika macho yote mawili. Sehemu yake ya nyuma imenyanyuka kuliko mabega, kinyume cha fisi. Na mgongoni ana mstari wa nywele ndefu anazozisimamisha akiwa na hofu au hasira. Mkia wake ni mnene kwenye shina na unapungua kuelekea nchani. Anayetaka mabaka mawili yaonekane katika picha ya uso pekee anaweza kuyaweka machoni, kama ya fungo, na macho yatazama katika weusi kwa namna ya kuogofya. Mimi ningeyaweka mabegani kwa picha za mbali, lakini nakiri kwamba kwa jalada la kitabu ya machoni yana nguvu zaidi. Kisichofaa ni kuyaweka mabegani katika ukurasa mmoja na machoni katika mwingine.

Wa tatu, kwa anayemhitaji, ni nyegere. Masikio yake ni kama hayapo, miguu ni mifupi, mgongo ni mpana na bapa, na mwendo wake una ukaidi ambao paka hana. Ukimwona Nunda wako amekuwa mrembo kupita kiasi, mkopee nyegere kidogo.

Zipo pia tofauti ndogo zinazobadilisha tabia yote ya kiumbe. Mboni ya paka wa nyumbani husimama wima kama mpasuko wakati wa mwanga mkali, lakini ya simba na chui hubaki duara. Kucha za paka hurudi ndani ya vidole, za fungo hazirudi hivyo. Unyayo wa mbele wa paka una vidole 5, kimoja kikiwa juu kisichogusa ardhi, na wa nyuma una 4. Fungo ana 5 kila mguu. Nunda mwenye mboni ya mpasuko atamkumbusha msomaji kwamba huyu alikuwa paka wa ikulu, na mwenye mboni ya duara ameshakuwa mnyama wa mwitu. Uchaguzi ni wako, ila uwe uchaguzi.

Hasara za njia hii nazo zisifichwe. Inakula muda. Inataka mtu avumilie michoro mingi ya kisigino kabla ya kuruhusiwa kuchora jino. Na ina hatari yake ya pekee: mchoraji anaweza kunogewa na elimu ya mifupa hata akatoa mnyama anayeaminika mno, ambaye angeweza kupewa jina la Kilatini na kuwekwa makumbusho, na hofu ya hadithi ikatoweka. Nunda alipaswa kuwa amepita mpaka wa paka. Lazima kibaki kitu kimoja kisichokubaliana na maumbile, na ningependekeza kiwe mkia, unenepe kuliko inavyohitajika, kama mkia wa paka aliyeshtuka ambao haukupata kutulia tena.

Njia za kando

Kufinyanga kiumbe kwa udongo, hata kiwe kidogo cha kuenea kiganjani, ni msaada mkubwa kwa njia zote tatu, kwa kuwa ukimulika kwa tochi ya simu kutoka upande wowote utaona kivuli kinavyoangukia na jinsi kifua kinavyoonekana kwa mbele. Si njia ya kuanzia, maana udongo hauna jibu la umbo. Programu za kutengeneza picha kwa maneno zina haraka, lakini zina mwelekeo wa kurudi kwenye sura zilizozoeleka, na maelekezo kama masikio madogo na mabaka mawili tu ndiyo hasa zinayoyakosea. Zitumike kwa mandhari ikibidi.

Njia ya mtindo inastahili heshima zaidi. Wachongaji wa Kimakonde walioanza kuchonga mashetani katika miaka ya 1950, Samaki Likankoa akiwa mtangulizi wao, hawakuhangaika na mifupa ya mnyama yeyote, na George Lilanga akayapeleka mashetani hayo kwenye rangi, akayapa masikio, midomo na matumbo kwa kanuni zake mwenyewe. Edward Saidi Tingatinga, aliyeanza kuchora Dar es Salaam mwaka 1968, alichora wanyama kwa rangi za mafuta juu ya vibao, wakiwa na umbo bapa, bila kivuli, na hakuna anayelalamika kwamba chui wake hana uzito. Katika mtindo wa namna hiyo hesabu za Galileo hazina kazi, na njia ya maneno inatosha kabisa: alama nne, mstari safi, rangi kavu. Lakini mtu asikimbilie mtindo kama maficho ya kutojua mguu wa nyuma, kwa sababu mtindo wa kweli una nidhamu yake, na aliyejificha hujulikana katika picha ya pili.

Ipi kwa kazi ipi

Mwenye kuchora picha moja tu, ya kupamba hadithi inayosomwa kwa watoto, na mwenye siku chache, atosheke na maneno na mtihani wa vimichoro vyeusi; amchore Nunda amelala chini ya kivuli kama kijana alivyomwona, na hatadaiwa meno. Mwenye kuchora katuni ya kurasa nyingi hana budi kuanzia kwa wanyama, kwa sababu Nunda wake atakimbia, ataruka, atageuka na kula, na umbo lisilo na mifupa litabadilika kila ukurasa. Mwenye kuendeleza kazi ya mtangulizi aanzie kwenye picha ya mtangulizi, akitenga kwanza alama zilizotoka kwenye hadithi na zile zilizotoka kwenye mkono wa mchoraji, ili asije akarithi pembe ya begani. Mwanafunzi anayejifunza fani, bila kujali kazi aliyopewa, aanzie kwa paka.

Kwa katuni na kitabu kirefu liko jambo moja zaidi linalofaa kufanyika kabla ya ukurasa wa kwanza. Tenga karatasi moja ya manila na umchore Nunda mara nne, kwa upande, kwa mbele, kwa nyuma na kwa juu, katika kimo kimoja, akiwa kando ya mtu mzima na kando ya mlango wa kuchonga. Karibu na kila mchoro andika alama nne, na useme ni ipi inayoonekana kutoka upande huo. Kwa upande, ikiwa mabaka yako mabegani, litaonekana moja. Kwa nyuma mkia utaziba kimojawapo cha visigino. Kwa juu masikio yatakuwa nukta mbili. Karatasi hiyo ibandikwe ukutani mbele ya meza, na kila ukurasa unaomalizika upimwe kwayo kabla wino haujakauka.